Miaka mitano na pudeli: mbwa anayekudai dakika

Mimi ni fundi cherehani, na kazi zangu nazifanyia nyumbani. Kwa miaka mitano sasa, chini ya meza yangu ya kukatia hulala mbwa wa aina ya pudeli, rangi ya kahawia, jina lake Uzi. Nimesoma maoni mengi ya watu waliokaa na pudeli wiki tatu wakaandika kwamba ni mpole, ni msafi, hapukutishi manyoya. Hawakusema uongo. Lakini katika wiki tatu manyoya ya mtoto wa pudeli bado hayajaanza kukudai kitu, na yeye mwenyewe bado hajajua kukusoma. Ndiyo maana mimi nilisubiri.

Nitaanza na hukumu yangu kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma yote. Katika mbwa wote niliowahi kuishi nao, huyu ndiye bora, na hata hivyo wengi wanaoniuliza kama wamchukue pudeli huwaambia wasimchukue. Gharama yake kubwa ni dakika. Dakika za kuchana, dakika za kufundisha, dakika za kutembea naye, kila siku, hata siku ambayo mgongo unauma na nguo ya mteja haijatiwa vifungo.

Kwanza ukubwa, maana hapa wengi hukosea kabla hata ya kuanza. Watu husema "pudeli" kana kwamba ni mbwa wa kipimo kimoja. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linawagawa makundi manne kwa kimo cha kuanzia ardhini hadi begani: mkubwa ni sentimita 45 hadi 60, wa kati 35 hadi 45, mdogo 28 hadi 35, na mdogo kabisa 24 hadi 28. Wamarekani wana makundi matatu tu. Uzi nilimpima kwa futikamba ile ile ninayopimia watu viuno: sentimita 37. Kwa hesabu ya FCI ni wa kati. Kwa Wamarekani, ambao mpaka wao uko kwenye inchi 15, yaani sentimita 38, ni mdogo. Yule mkubwa ni mbwa wa kukimbia kwelikweli na nguvu zake si za mchezo. Yule mdogo kabisa ana mifupa myembamba ya miguu ya mbele inayoweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo wanaobeba kila kitu wanachokiona haimfai. Huyu wangu wa katikati ananitosha: namwinua peke yangu kumweka mezani, na bado ana miguu ya kutembea mwendo mrefu.

Zamani nilimdhania pudeli kuwa pambo. Nilikuwa nimewaona kwenye picha za mashindano, nyuma wamenyolewa, kifuani wamejaa manyoya kama mto, miguuni mabonge ya mviringo, nikafikiri ni watu wanaomchezea mnyama. Siku niliposoma asili yake nilibadilika. Pudeli alikuwa mbwa wa maji. Alimfuata mwindaji wa bata, akaruka majini, akarudi na ndege mdomoni. Jina lake limetoka katika neno la Kijerumani la kuchapa maji na kuyarusha. Wafaransa humwita caniche, kutokana na neno lao la bata jike. Manyoya mengi yakilowa huwa mzigo, kwa hiyo wawindaji walimnyoa sehemu ya nyuma apate kuogelea kwa wepesi, wakamwachia ya kifuani yamkinge na baridi, na yale mabonge ya miguuni yafunike viungo. Wenye maonyesho wameukuza mtindo huo kupita kiasi, lakini ulikuwa na kazi kabla ya kuwa urembo. Mimi ninayekata nguo nauheshimu mkato wa namna hiyo.

Na nguvu za kazi hazijamtoka. Mmarekani mmoja, John Suter, kuanzia 1988 aliingia mara kadhaa katika Iditarod, zile mbio ndefu za mbwa wanaovuta sleji kwenye theluji ya Alaska, akiwa na pudeli wakubwa katika timu yake. Manyoya yao yalishika barafu, hayakuumbwa kwa baridi ile, na baadaye kanuni zilibadilishwa wakaruhusiwa mbwa wa jamii za kaskazini tu. Nataja hayo kwa sababu mtu anayemchukua pudeli akitaka kitu cha kukaa juu ya mto ataletewa nyumbani mfanyakazi asiye na kazi.

Hapo ndipo penye akili yake. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alichapisha orodha ya aina za mbwa kwa utii na wepesi wa kujifunza amri, akitegemea maoni ya waamuzi wa mashindano ya utii, na pudeli alishika nafasi ya pili nyuma ya border collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Ninaiamini nafasi hiyo. "Kaa", "ngoja" na "acha" Uzi alizishika kwa siku moja moja, vipindi vya dakika tano, zawadi ndogo mkononi, bila kofi wala kelele. Ambacho orodha haisemi ni kwamba mbwa wa namna hii hujifunza pia yale ambayo hukumfundisha. Hajui kwamba somo limekwisha.

Anazijua sauti za cherehani yangu. Nikisimama katikati ya mshono kugeuza kitambaa, hafumbui hata jicho. Nikiinua kile kiguu kinachokandamiza kitambaa na kukata uzi, anainua kichwa. Nikizima taa ya mashine, yuko mlangoni. Sikumfundisha hata moja katika hayo. Alikuwa na miezi saba alipogundua kwamba droo yangu ya chini ina mpini wa kitambaa unaovutika kwa meno. Asubuhi moja niliamka nikakuta zipu na lastiki zimetandazwa sakafuni, zimepangwa karibu na godoro lake. Bahati droo ya sindano iko juu. Tangu siku hiyo sindano, pini na vifungo vyote viko kwenye makopo yenye vifuniko vya kuzungusha, nami nampa ushauri huo huo kila mwenye pudeli: chochote unachokifungua mbele yake, hesabu kwamba amekuona.

Kuna wiki moja nilishona nguo za harusi mpaka usiku wa manane. Kwa siku nne matembezi yetu yalikuwa ya kutoka na kurudi tu. Siku ya tano niliporudi chumbani nilikuta upindo wa gauni la msimamizi umefumuliwa kwa meno, mshono kwa mshono, kitambaa chenyewe hakina hata tundu. Alikuwa amelala pembeni yake, ametulia. Sikumkemea. Nilikaa sakafuni nikamwangalia, nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfungia ndani ya kichwa chake siku nne nzima. Sasa, hata kazi iwe nyingi vipi, tuna nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na katikati dakika kumi za pua: namfichia kipande cha kitambaa nilichokishika kiganjani, nyuma ya jora au chini ya zulia, naye anakitafuta kwa kunusa. Dakika hizo kumi humtuliza kuliko kukimbia.

Husoma na hisia. Niliwahi kupandisha sauti kwenye simu nikibishana kuhusu kitambaa kilichocheleweshwa, na nilipogeuka sikumwona. Alikuwa nyuma ya majora, anatetemeka, na mazungumzo yale hayakumhusu hata kidogo. Katika nyumba yenye ugomvi wa kila siku pudeli ataugua. Wala hapendi kuachwa. Nilianza kumzoesha kwa kutoka nje dakika mbili na kurudi, kisha tano, kisha kumi, na ilichukua wiki nyingi kufika muda wa saa tatu. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku, nyumba ikiwa tupu, namwomba atafute rafiki mwingine.

Sasa manyoya, na hapa nitakaa.

Manyoya ya pudeli ni tabaka moja, yamejikunja, na hukua bila kukoma kama nywele za binadamu. Watu husema hayapukutiki. Hupukutika kidogo, ila unywele uliokatika hauanguki sakafuni. Hunaswa na wenzake waliojikunja. Ndiyo maana makochi yangu ni safi na nguo za wateja hazirudi na manyoya. Lakini unywele uliokufa na kubaki ndani ndio mwanzo wa kifundo, na kifundo cha pudeli huanzia chini, karibu na ngozi, mahali ambapo jicho halifiki.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, manyoya laini ya utotoni hubadilika kuwa ya utu uzima, na wakati huo hutatizika kwa kasi isiyo ya kawaida. Uzi alikuwa na miezi kumi. Nilikuwa namchana kila jioni kwa brashi, juu juu, naye anang'aa, nami naridhika. Nilipompeleka kwa mama mmoja anayenyoa mbwa, alimpapasa kidogo akaniambia, "Dada, ingiza kidole hapa mpaka uiguse ngozi." Sikuweza. Akaniambia, "Juu umechana, chini kumekuwa blanketi." Kwapani na nyuma ya masikio ngozi ilikuwa nyekundu kwa kuvutwa. Hapakuwa na la kufanya ila kumnyoa wote. Alitoka pale mwembamba kama mwanambuzi, akitetemeka, nami usiku ule nilimshonea koti dogo la flana kwa vipande vilivyobaki kazini. Hakuna mshono nilioutia kwa majuto kama ule.

Yule mama alinionyesha njia, na mpaka leo sijaiacha. Unamlaza ubavu. Unagawa manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone mstari wa ngozi, halafu unapiga brashi ya waya mwembamba kutoka kwenye mstari huo kwenda nje, kifungu kidogo kidogo. Ukimaliza mstari unapanda kwenye unaofuata, kama mtu anayetia mishono ya kutandika. Kisha unapitisha chanuo la chuma kutoka kwenye ngozi hadi ncha. Chanuo ndilo hakimu: likikwama, hujamaliza. Kwapani, nyuma ya masikio, kati ya mapaja na pale kola inapokaa ndipo pa kuanzia, maana ndiko vinakozaliwa vifundo. Kwa Uzi, ambaye namwachia manyoya ya urefu wa sentimita tatu hivi, kazi hii ni dakika kumi na tano kila siku. Ukimnyoa mfupi zaidi inapungua sana, na hakuna aibu katika hilo. Pudeli aliyenyolewa mfupi ni pudeli yule yule.

Kosa kubwa ni kumwogesha kabla ya kumchana. Anayeshona anajua sufu ikilowa kisha ikasuguliwa hushikana ikawa kitu kimoja. Kifundo kidogo kikiingia majini hutoka kimekaza. Chana kwanza, osha, suuza mpaka povu liishe kabisa, kisha mkaushe huku unachana, usimwache akauke mwenyewe.

Kunyoa ni kila wiki nne hadi sita. Mwaka wa pili nilinunua mashine yangu mwenyewe. Mkono wangu umezoea mkasi, lakini ngozi hai si kitambaa: ukikata vibaya huwezi kufumua. Nilianza na nyayo na uso tu, miezi mitatu, ndipo nikathubutu mwili. Wembe wa mashine hupata moto haraka. Uugusishe kila mara kwenye upande wa ndani wa mkono wako, ukikuunguza wewe umemuunguza naye. Na mzoeshe akiwa mdogo. Tangu wiki yake ya kwanza nyumbani nilimwekea mashine ikiwa imewashwa karibu naye, bila kumnyoa, azoee mlio wake tu. Kwake haikuwa shida kubwa, alikwisha kulala miguuni pa cherehani.

Masikio yanahitaji sentensi zake. Yananing'inia na kufunika tundu, na ndani ya tundu huota manyoya, kwa hiyo hewa haipiti na unyevu hukaa. Kila Jumapili nayainua na kunusa. Sikio zima halina harufu kali. Likinuka kama chachu, au akitikisa kichwa mara kwa mara, tunakwenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kuhusu kung'oa manyoya ya ndani, madaktari hawakubaliani. Wangu aliniambia nisiyaguse maadam sikio ni safi, nami nimemtii.

Neno moja kwa wenye mzio, maana wengi huja kwa pudeli kwa sababu hiyo. Mpwa wangu hupiga chafya akiwa karibu na mbwa. Tulitumaini kwamba Uzi angekuwa tofauti kwa vile hapukutishi manyoya, na hakuwa tofauti vya kutosha: baada ya saa moja macho ya mtoto yalikuwa mekundu. Kinachosumbua ni protini zilizomo katika mate, katika chembe za ngozi na katika mkojo, na mbwa wote wanazo. Wapo wanaovumilia pudeli vizuri kuliko mbwa wengine, lakini ahadi ya mbwa asiyeleta mzio usiinunue. Nenda ukakae na mbwa yule yule unayemtaka, saa nzima, zaidi ya mara moja, umshike na akulambe mkono, kabla ya kumpa mtoto wa mbwa tumaini la nyumba.

Ahadi hiyo hiyo ndiyo iliyowazaa mbwa wa mchanganyiko. Mwaka 1989, huko Australia, Wally Conron aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la mbwa wa kuongoza vipofu alimpandisha pudeli na labrador, akimtafutia mbwa mwanamke asiyeona aliyekuwa na mume mwenye mzio. Mchanganyiko huo umeenea dunia nzima, na baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta, kwa sababu ya wazalishaji waliofuata fedha bila kujali afya. Nina wateja wawili wenye mbwa hao. Ni wapenzi, lakini manyoya yao hayatabiriki, na nimewaona wametatizika kuliko Uzi.

Afya. Pudeli akitunzwa huishi miaka 12 hadi 15, na wadogo mara nyingi huwashinda wakubwa. Magonjwa ya ukoo yapo, na yanaulizwa kabla ya kumchukua: kupofuka polepole kwa kufa kwa retina, nyonga zisizokaa sawa kwa wakubwa, pia ya goti inayoteleza kwa wadogo, kifafa, ugonjwa wa Addison unaozifanya tezi za juu ya figo zishindwe kazi, na ugonjwa wa tezi za mafuta ya ngozi unaonyonyoa manyoya. Kwa pudeli mkubwa ongeza tumbo kujaa gesi na kujisokota. Tumbo likivimba ghafla na akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hilo si la kusubiri asubuhi. Wadogo husumbuliwa na meno, nami humpigia Uzi mswaki kila usiku kwa dawa ya mbwa, kamwe si ya watu.

Mzalishaji mwaminifu hatachukia ukimwomba karatasi za vipimo vya macho, magoti na nyonga vya baba na mama. Wa kwanza niliyemwendea alinijibu, "Mama, hawa ni wazima, waangalie tu." Niliwaangalia, nikaondoka. Na anayekuuzia pudeli "wa kikombe cha chai" anakuuzia jina: ukubwa huo haumo katika madaraja yanayotambuliwa, na udogo wa kulazimishwa huja na mifupa dhaifu na sukari ya mwili inayoshuka ghafla.

Basi ni mbwa wa nani? Wa mtu anayeshinda nyumbani au anayeweza kwenda naye kazini. Wa mzee mwenye mikono inayofanya kazi bado. Wa familia yenye watoto walioelewa maana ya "mwache alale". Wateja wangu wanaoogopa mbwa huingia wakiuliza, "Fundi, huyu mwanakondoo wako anauma?" Hubweka mara mbili mlangoni kunijulisha, kisha humkagua mgeni viatu, kisha hurudi chini ya meza. Akimpenda mtu humlalia mguuni mimi nikimpima mabega.

Nina kibweta cha vifungo ambamo kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, natia kishungi cha manyoya yake nilichokifunga kwa uzi wa rangi ile ile. Pudeli wa kahawia hupauka kadiri anavyokua. Cha kwanza nilikifunga kwa uzi wa kahawia iliyokolea karibu iwe nyeusi. Juzi tulifika cha tano. Nilimnyoa kishungi nyuma ya shingo, nikakishika karibu na dirisha, nikajaribu vibiringo vyote vya kahawia nilivyonavyo. Hakuna kilichofanana. Nilikipata kwenye droo ya rangi za mchanga.